Vyombo Havilali Njiani

Nilipostaafu ukunga, bwana wangu alidhani nimechoka. Alininunulia kiti cha kukunja, akakiweka barazani, akaniambia sasa kazi yangu ni kukaa pale na kutazama watu wakipita. Nilijaribu. Haki ya Mungu, nilijaribu. Lakini wanaopita kwenye barabara yetu ni walewale kila siku, nusu yao niliwapokea kwa mikono yangu wakitoka tumboni kwa mama zao, na kuwaona sasa wanapita na simu sikioni bila hata salamu kulinitia hasira tu. Asubuhi moja, katika ile baridi yetu ya mwezi wa sita inayokata masikio, nikavaa suruali yake ya zamani ya kazi, nikafunga kichwani kipande cha kitenge, kikwembe chetu, nikamwambia, "Papa, miye naenda Annexe kuchukua kamionete ya baba."

Chai ilimtoka puani. "Kamionete gani? Ile nyumba ya kuku?"

Na kweli ile pikapu ilikuwa nyumba ya kuku. Tangu baba afariki ilikuwa imekaa juu ya matofali nyuma ya shamba letu kule Annexe, chini ya mabati yaliyotoboka, na kaka yangu anayelima pale alikuwa ameshaacha kuiona. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Mpapai ulikuwa umeota katikati ya sehemu ya mizigo, umepasua mbao, umesimama wima na kuzaa. Kaka yangu akaniuliza kama nataka gari au nataka mapapai, kwa sababu vyote viwili haviwezekani. Nikamwambia akate. Alinitazama vibaya sana, maana mapapai yenyewe yalikuwa matamu.

Baba aliinunua kwa Mgiriki mmoja mwenye duka, aliyekuwa anafunga biashara arudi kwao. Baba alikuwa katekista, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeteremka kutoka kaskazini ya Katanga, mtu wa heshima nyingi na maneno machache. Kamionete ile ilibeba kabichi za shamba, mifuko ya mahindi, mabenchi ya kanisa, wanawake wenye uchungu na maiti za mtaa mzima, na kila Jumamosi aliiosha kwa sabuni ileile tuliyoogea sisi. Mama alikuwa akisema siku gari hilo litakapojua kupika sombe, majani yetu ya muhogo, yeye atarudishwa kwao.

Lakini kwa watu wa bwana wangu, kule Katuba, kamionete ya baba inajulikana kwa jambo moja tu, na hapo ndipo roho yangu inapochemka.

Kwetu, binti akiolewa, kuna siku ya kupeleka vyombo vyake. Anapelekewa masufuria, mabeseni, kinu na mchi, mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, jiko la makaa tunayoita makala, godoro, mpaka ufagio. Vyote vinapangwa juu ya gari la wazi ili watu waone, mama wanakaa katikati yake wanapiga mabeseni na kuimba, na gari linakwenda polepole likipiga honi. Na kuna sharti moja ambalo hata wale wasioshika mila yoyote wanalishika: vyombo havilali njiani. Vikishatoka kwa baba wa binti, ni lazima vifike siku hiyohiyo. Vikilala njiani, au mbaya zaidi vikirudi, watu wanasema na ndoa itarudi. Binti mwenyewe anakuwa ametangulia. Anakaa chumbani kwa mumewe, amefunikwa kikwembe, hatoki wala hachungulii mpaka vyombo viingie uani.

Siku yangu mimi, nilikaa chini ya kile kikwembe nikisubiri honi ya baba. Niliijua, ilikuwa na mafua. Badala yake nilisikia gurudumu linalia kwii, kwii, kwii, halafu kicheko cha ua mzima. Kamionete ilikuwa imezima pale barabara inapokata reli. Vyombo vyangu viliingia kwa bwana wangu juu ya pusipusi, ule mkokoteni wa kusukuma, na tena wa muuza makala, godoro langu jipya limepakwa weusi. Baba alifika nyuma kwa miguu, suti yake ya Jumapili imejaa oili. Niliambiwa baadaye kwamba alikaa kando ya ukuta na hakugusa chakula. Baba yangu, mtu aliyepewa kiti cha mbele kila alikoingia! Hilo ndilo lililoniuma, wala si weusi wa godoro.

Na aliyehakikisha kwamba jambo hilo halisahauliki ni shemeki wangu, dada mdogo wa bwana wangu. Tukikutana Noeli, tukikutana ubatizo, tukikutana hata kwenye kilio baada ya maziko, watu wakishashiba tu, utamsikia: "Shiye bibi yetu alifikaka na pusipusi!" Bibi yetu, yaani mke wa kaka yao, ndiye mimi. Anaanza kusimulia. Anaonyesha kwa mikono jinsi gurudumu lilivyokuwa linakwenda upande. Anapiga mapaja, anacheka, machozi yanamtoka, kikohozi kinamshika, wengine wanapiga makofi, na hadithi inaishia hapo barabarani, haijawahi kuingia uani na pusipusi yenyewe. Mimi wakati huo huwa nimeshaondoka kwenda jikoni kuangalia sombe. Miaka yote hiyo, sombe yangu haijawahi kuungua.

Msije mkafikiri ni mtu mbaya. Nilipolazwa na malaria yeye ndiye aliyelala kwenye sakafu ya hospitali. Watoto wangu wanamwita tantini, na wakinikosea wanakimbilia kwake. Kila Jumapili baada ya misa anakuja kwangu, anavua viatu kwa sababu ya goti lake bovu, anakula, ananiambia chumvi haikutosha, anasinzia. Nikikaa Jumapili mbili bila kumuona nakuwa mgonjwa. Ila hadithi ile, jamani, hadithi ile!

Basi kamionete ikaletwa nyumbani ikivutwa kwa kamba, na kuku mmoja aliyekataa kushuka. Fundi wa barabara yetu, mtu mwembamba mwenye kofia isiyotoka kichwani, aliizunguka, akapiga teke gurudumu, vumbi jekundu likamwagika. "Mama," akasema, "hii si kutengeneza. Hii ni kufufua."

"Basi fufua," nikamwambia, "na miye nitakusaidia."

Alifikiri natania. Lakini mikono yangu ilikuwa imezoea kutafuta kitu ambacho macho hayakioni, na boliti iliyojificha nyuma ya injini haina ujanja wa kumshinda mkunga. Tukagawana kazi. Yeye alishika injini na kuchomelea. Mimi nilishika kufungua, kuosha na kukwangua. Kabureta niliiosha kwa petroli ndani ya sinia yangu ya kuokea mikate, na bwana wangu akakataa mikate mpaka leo. Kwenye milango nilikwangua rangi kwa msasa wiki nyingi. Juu kulikuwa na kutu, chini ya kutu kijani cha baba, chini ya kijani bluu ya yule Mgiriki, na nilipofika kwenye bluu nikarudi nyuma, nikaipaka kijani. Sikutaka kamionete ya Mgiriki. Nilitaka ya baba.

Siwezi kuwaeleza raha ile. Nimefanya kazi maisha yangu yote kwa haraka, mtoto hangoji, mama analia, umeme umekatika, shikeni taa! Sasa nilikuwa na kitu kinachongoja. Nikichoka, naweka spana chini, nakunywa chai, kamionete haijatoka jasho wala haijanitukana. Jioni nilikuwa nasimama tu kuitazama. Bwana wangu alinikuta hivyo mara moja, mikono kiunoni, natabasamu peke yangu, akauliza kwa upole kama mimi na gari tunataka abaki au atupishe. Kesho yake alikuja mwenyewe na msasa, akakwangua bampa mpaka chakula cha mchana.

Shemeki ndiye aliyerithi kile kiti cha kukunja. Jumapili anakaa pale, mguu juu ya ndoo, ananitazama nikiingia chini ya gari. "Bibi yetu, kama iko inakuua humo, nani atanipikia?" Au, "Kwanza uliza kama pusipusi yake ingali nzima." Mimi chini ya gari nakaza boliti kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Fundi alilalamika kwamba boliti za Jumapili hazifunguki.

Mpaka hapo ilikuwa ni mchezo wa mstaafu. Halafu kitinda mimba wangu akachumbiwa na kijana wa upande wa Luano. Watu wa mume walikuja, mahari ikaelewana, siku ya vyombo ikapangwa. Binti alitaka tukodi lori, jipya, lenye rangi nyeupe. Nikamwambia vyombo vyake vitakwenda na kamionete ya babu yake. Akamtazama baba yake. Baba yake akatazama dari. "Mama," akasema polepole, "na kama ikizima?"

"Haitazima."

"Mama."

"Nimesema haitazima!"

Nilitaka jambo moja tu, na nilijua ni jambo la mtu mwenye kinyongo: vyombo vya binti yangu vivuke ile reli, juu ya kamionete ileile, bila kusimama, na shemeki akiwa kiti cha mbele kando yangu. Nilitaka nigeuke nimwone uso. Baba hayupo kuiona siku hiyo, basi nitaiona mimi kwa niaba yake. Na kama ingezima tena, hadithi ya pusipusi ingehama kutoka kwangu kwenda kwa binti yangu, ingemsindikiza kila Noeli mpaka azeeke. Usiku sikuwa napata usingizi.

Injini ilikubali mapema, ilikohoa moshi mweusi juu ya ukuta wa jirani kisha ikashika. Kilichotusumbua ni usukani. Ile boksi yake, inayopokea mzunguko wa usukani na kugeuza magurudumu, ilikuwa imepasuka. Tukatafuta mjini kote. Mwishowe nikaipata mwenyewe kwa muuza vipuri: aina ileile, umri uleule, haina hata ufa. Ilikuwa imetoka upande wa Zambia. Fundi aliigeuza-geuza, akakuna kofia, akasema ana wasiwasi. Nikamwambia wasiwasi wake akaufanyie kwa mke wake, mimi nina harusi. Ilibidi tuifunge kichwa chini ndipo boliti ziingie. Ziliingia zote. Nikamwambia, unaona?

Jumapili hiyo, shemeki yuko kwenye kiti chake, bwana wangu mlangoni, fundi pembeni, nikapanda nijaribu ndani ya ua. Nguo zilikuwa zimeanikwa kuume. Nikakata usukani kushoto ili nizikwepe. Kamionete ikaenda kuume. Nikakata zaidi kushoto, nikipiga kelele. Nayo ikazidi kuume, ikaingia kwenye kamba ya nguo, ikapita juu ya mboga zangu, ikasimama kwenye ukuta na kaptula ya ndani ya bwana wangu imefunika kioo chote cha mbele.

Kule Zambia wanaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kuume. Sisi huku ni kinyume. Boksi ile ilikuwa ya gari la kwao. Ukiigeuza kichwa chini ikae kwenye gari letu, kila unachoiambia inafanya kinyume chake. Mji mzima huu unaishi kwa magari ya upande wa pili, kila siku tunayaona, na mimi na fundi wote wawili tulilisahau hilo kwa sababu boliti ziliingia.

Shemeki alianguka kutoka kwenye kiti. Kweli, alianguka, goti bovu na yote, tukamwinua yeye kabla ya kuliangalia gari. "Bibi yetu," alisema alipopata pumzi, "kamionete yako iko na kichwa nguvu sawa weye!"

Nilikwenda jikoni. Hakukuwa na sombe, lakini nilikwenda. Huko nililia kidogo kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi kumwambia fundi tutafute nyingine.

Tuliipata Kambove. Kwa muda mfupi uliobaki tulipanda basi, mimi na yeye, tukiwa hatuongei vizuri, mpaka kwa mchimbaji mmoja aliyekuwa na kamionete iliyokufa nyuma ya nyumba. Usukani wake ulikuwa kushoto. Niliuangalia mimi, akauangalia fundi, tukamwita na mwenyewe auangalie. Tukarudi na boksi mapajani, imefungwa gazeti, tukala muhogo wa kuchoma tukapatana.

Kitu kimoja tu hatukukipata, nacho ni démarreur, ile mota ndogo inayoamsha injini. Ya zamani fundi aliifunga upya kwa waya, akaniambia ukweli wake: "Mama, asubuhi ikiwa baridi, itaitika. Ikishapata moto, inakatala. Kwa hiyo siku ya vyombo, ukishawasha, usizime mpaka ufike. Usizime hata kwa sababu gani. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Hata Papa wa Roma akitokea mbele ya barabara."

"Nimesikia, wewe!"

Siku ya vyombo kulikuwa na jua na upepo mdogo. Kamionete ya baba ilisimama mbele ya nyumba, kijani inang'aa, na juu yake masufuria, mabeseni, kinu, jiko, friji ndogo iliyonunuliwa na kaka zake, godoro limesimamishwa nyuma ya viti. Mama wa familia walipanda na bikwembe vya sare, wakashikana. Watu walitoka kwenye mageti na simu zao. Shemeki alitaka kupanda nyuma kwenye nyimbo, nikamwambia hapana, goti lako, wewe ni mbele na mimi. Nikawasha. Ikaitika mara ya kwanza.

Barabara ya kwenda Luano haipiti kwenye ile reli. Nilizunguka makusudi. Shemeki alitazama dirishani, akasema, "Bibi yetu, unapotea?"

"Sipotei."

Nyuma wanaimba, mabeseni yanapigwa, mimi nimeshika usukani wa baba kwa mikono miwili. Reli ikaonekana. Nikapunguza mwendo, nikaingia. Gurudumu la mbele likaruka, la nyuma likaruka, masufuria yote yakalia kwa pamoja, na tukawa upande wa pili. Ikavuka! Nikalala juu ya honi, honi ileile yenye mafua, nikaiacha ilie mpaka watu wa barabarani wakaziba masikio. Ndipo nikageuka nimwone uso.

Hakuwa anacheka, wala hakuona haya. Alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, anatazama kando ya barabara, mahali ambapo hapakuwa na kitu, majani makavu na karatasi tu.

"Simamisha," akasema.

"Nini?"

"Simamisha, nakulomba."

Nikasogea pembeni, mguu juu ya breki, injini inanguruma. Akaanza kusema. Niliona midomo tu. Nyuma wanaimba, injini inapiga kelele, nikashika maneno mawili: "baba yako". Nikamwambia sema kwa nguvu. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeghairi, akageukia dirisha tena.

Fundi nilimkumbuka. Nisije nikasema sikumkumbuka. Nilimwona akilini na kofia yake. Lakini mwanamke yule alikuwa amemtaja baba yangu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikashika ufunguo, nikazima.

Nyuma wakanyamaza. Akaniambia, bila kunitazama:

"Alikuwa amesimama pale. Baba yako. Na suti. Tulitoka Katuba kuja kutafuta bintu byako, juu bilichelewa, tukamukuta amefungua injini, mikono yote nyeusi. Akasema anarudisha bintu kwenu. Alisema hawezi kuleta bintu ya mutoto wake mu pusipusi sawa makala, bora arudi, atafute gari, kesho. Banaume bote banaitikia, ndiyo papa, kesho. Miye nilikuwa kasichana. Nikasema hapana. Bintu ya bibi yetu haitalala mu njia. Banasema nyamaza. Nikaenda kwa ule muuza makala, nikachukua pusipusi yake, hata sikumulomba. Nikapakia godoro miye mwenyewe. Miye njo nilisukumaka, bibi yetu. Mpaka kwetu. Baba yako alikuwa anashika kwa nyuma, masufuria isianguke."

Nikaachia usukani, nikamgeukia.

"Tulipofika, akanawa mikono, akaniwekea mukono hapa," akashika utosi wake, juu ya kikwembe. "Akaniambia, 'Aksanti, mutoto wangu.' Weye unajua shiye tulibaki bayatima. Tangu baba yetu alikufaka, hakuna muntu mukubwa aliniitaka vile."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Naanzaka kusema! Kila mara naanza. Nikikaribia pale, nacheka, juu nikiacha kucheka nitalia mbele ya bantu. Na weye unaendaka kuangalia sombe yako."

Tulilia, basi, tungefanyaje? Tulilia hapo kando ya reli, mama wawili wazima wenye sare, mpaka mmoja wa nyuma akagonga paa kuuliza kama kuna msiba. Nikafuta macho kwa mkono, nikashika ufunguo, nikawasha.

Tik.

Nikajaribu tena. Tik. Jua lilikuwa linaanza kushuka. Binti yangu alikuwa amekaa kule Luano chini ya kikwembe, anangoja honi. Nyuma wameanza kunong'ona, na nilijua wanachonong'ona, kwa sababu palikuwa ni palepale.

Shemeki alinitazama, akatazama ufunguo. "Ilikatazwa kuzima?"

"Ndiyo."

"Na umezima."

"Nilitaka kusikia."

Akavua viatu vyake, vile vizuri vya harusi, akaviweka mapajani mwangu. Akafungua mlango, akashuka kwa mguu mzima kwanza, halafu wa goti. Nikamwambia, we, goti! Alikuwa ameshafika nyuma, na hapo nikaisikia sauti ambayo labda baba naye aliisikia: "Teremukeni bote! Bintu ya mutoto wetu haitalala mu njia! Sukuma!"

Wakashuka. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya pili, nikashika usukani. Katika kioo cha pembeni nilimwona yeye, miguu mitupu kwenye vumbi, bega lake kwenye kijani cha baba, uso umekunjamana, na akina mama wengine pande zote. Kamionete ikasogea. Ikaongeza. Nikaachia klachi, ikaruka, ikakohoa, ikashika. Sikuthubutu kusimama. Nilikwenda taratibu kabisa, nikipiga honi, wao wanakimbia na bikwembe mkononi, wanapandishana mmoja mmoja, na yeye wa mwisho walimvuta kwa mikono yote miwili wakamtupa juu ya godoro. Aliingia Luano amekaa juu ya godoro la binti yangu, miguu myekundu, anaimba kwa sauti kuliko wote. Binti aliniambia honi ile aliisikia toka mbali, akaijua.

Noeli iliyofuata tulikutana kwangu. Watu wakashiba, wakaegemea viti, na shemeki akasafisha koo. "Shiye bibi yetu," akaanza, "alifikaka na pusipusi!" Wakacheka wote, wakanitazama, wakinisubiri niinuke. Nikavuta kiti changu karibu na chake.

"Endelea," nikamwambia. "Sema ni nani alisukuma."

Alikwenda nayo taratibu mpaka mwisho, akicheka na kulia, nami nikamshika mkono alipofika kwa baba. Sombe iliungua. Tukaila hivyohivyo.